SOMO: ASKARI ANAPORUDI NYUMBANI

Leo tunazungumza juu ya wenzetu wanaomaliza kazi ya jeshi na kurudi hapa Kiambere wakiwa bado na nguvu, wakitaka kazi ya serikali ya kiraia. Huenda ni mwanao, shemeji yako au jirani. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize.

Mfano

Tuchukue mfano wa sajini mmoja aliyestaafu. Nafasi ya naibu wa chifu ilitangazwa, akaomba, akaitwa kwa mahojiano. Akaulizwa, "Watu wasipokuja kwa baraza lako, utafanya nini?" Akajibu papo hapo, "Nitawaamuru waje." Nafasi ikaenda kwa mwingine. Alirudi nyumbani akisema amenyimwa kwa sababu hana mtu mkubwa wa kumsaidia.

Jameni, jibu lile peke yake lilitosha kumwangusha. Jeshini lingekuwa sawa, kwa maana huko amri ni amri. Lakini kijijini mtu ana ng'ombe wa kunywesha, ana mgonjwa wa kupeleka hospitali, na ana haki ya kuuliza ameitiwa nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inataka mtumishi wa umma awahudumie watu kwa haki bila upendeleo, awashirikishe, na awe tayari kuulizwa juu ya kazi yake.

Waliotutangulia

Jambo hili si geni. Vita Kuu ya Pili ilipoisha mwaka wa 1945, maelfu ya askari wa Keya walirudi Kenya, wengine wakitoka Burma. Baadhi yao walifundishwa kazi ya maendeleo ya jamii katika Shule ya Jeanes, Kabete. Mahali hapo hapo pakawa chuo cha utawala mwaka wa 1961, na leo ni chuo cha serikali kiitwacho KSG, ambacho kina tawi hapa karibu, mjini Embu. Maana yake ni kwamba hata zamani ilijulikana kuwa askari hageuki mtumishi wa raia kwa kubadilisha nguo tu. Ni lazima afundishwe.

Waruhiu Itote, anayejulikana kama Jenerali China, alikuwa askari wa Keya huko Burma, kisha akaingia msituni na Mau Mau. Alikamatwa Januari 1954. Akiwa gerezani Lokitaung, alifundishwa Kiingereza na Mzee Jomo Kenyatta. Baada ya uhuru alikuwa mmoja wa viongozi wa NYS, iliyoanzishwa mwaka wa 1964. Mtu aliyeitwa jenerali hakuona haya kuwa mwanafunzi.

Mambo ya kufanya

1. Atunze karatasi zake. Asiondoke kambini bila cheti cha utumishi na vyeti vya kozi zote. Akiomba kazi, aeleze ujuzi wake kwa maneno ya kawaida: "Nilitunza stoo na kuhesabu vifaa," au "Nilitengeneza magari makubwa."

2. Ajue mlango wa kubisha. Kazi nyingi za serikali kuu hupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Kazi za kaunti hupitia bodi ya utumishi ya kaunti. Nafasi za chifu na naibu wake hutangazwa na ofisi ya naibu kamishna wa kaunti.

3. Asinunue kazi. Mtu akisema, "Lete kitu kidogo nikupangie," huyo ni mwizi. Wako waliouza mbuzi na kumaliza pesa za kustaafu kwa njia hiyo, na kazi wasipate.

4. Ajizoeze kikundini. Kuuliza si ujinga, na kusikiliza ni kazi pia.

Kazi ya kikundi

Tusimfanye mwenyekiti siku ya kwanza kwa sababu alivaa sare. Pia tusimwache akae peke yake sokoni akiwaza. Tumpe kazi ndogo na tumwambie ukweli kwa upole.

Yule sajini alipewa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikundi cha maji. Mwanzoni aliwafokea akina mama waliochelewa. Mama mmoja mzee akamwambia, "Sajini, hapa si kambini. Mimi nimetoka mtoni na mitungi, wewe umetoka kwa kiti." Watu wakacheka, naye akacheka. Mwaka ukapita. Nafasi nyingine ilipotangazwa akaulizwa swali kama lile la kwanza. Akajibu, "Nitaenda kwao niulize kwa nini hawakuja."

Nafasi ni chache, na si kila anayejibu vizuri ataajiriwa. Lakini mtu wa namna hiyo anafaa kijiji chake, awe na ofisi au asiwe nayo.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni nani kati yetu amerudi kutoka jeshini? Tumempa kazi gani?
2. Ni ujuzi gani wa jeshini unaoweza kusaidia kikundi chetu?
3. Viongozi wetu wenyewe, je, huamuru au huuliza?