Mzigo wako unalala chumbani? Soma hii kabla hujachomeka ekstensheni



Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza "mwisho ngapi". Leo naongelea umeme, maana mwaka jana mwezi wa saba nusura niunguze duka, na dada yangu alikuwa amelala ndani.

Wanaonifuatilia wanajua nauza mito na mashuka hapa Bariadi. Mito tunashindilia wenyewe kwa pamba ya hapa hapa Simiyu. Chumba cha nyuma ndiyo kiwanda: cherehani ya mota, magunia ya pamba, soketi moja ukutani na ekstensheni ya elfu sita. Siku hiyo tulikuwa na oda ya mito 40 ya mteja wa Maswa. Saa tano usiku nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Nafika nyuma, ekstensheni imeyeyuka upande mmoja, na pamba iliyojikusanya juu yake inafuka moshi. Nikakimbilia swichi kuu nikazima. Magunia yalikuwa hatua moja tu kutoka pale, na dada kalala pembeni yake, kachoka kushona.

Kinachoniuma ni kwamba nilishayaona mapema. Nilipomaliza form four nilipiga kibarua msimu mmoja kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Swichi zilikuwa ndani ya maboksi yaliyofungwa hadi vumbi halipiti. Waya zilipita kwenye mabomba. Taa zilikuwa na vifuniko vya kioo. Kila zamu ilibidi tusafishe pamba iliyotua juu ya mota. Mimi nilidhani ni usafi tu.

Baada ya lile tukio nikaanza kusoma na kuwauliza mafundi. Nilichoelewa ni hiki: waya uleule ambao sebuleni hauna shida unaweza kuwa kiberiti kwenye chumba chenye kitu kinachowaka haraka. Ndiyo maana viwandani, kabla ya kuvuta waya, swali la kwanza ni "humu hewani kuna nini?" Kanuni za umeme za Marekani zinagawa sehemu hizo makundi matatu. Angalia wewe uko wapi.

1. GESI NA MVUKE
Hapa ndipo vilipo vituo vya mafuta. Kwa sisi wa mtandaoni ni wanaouza pafyumu, rangi za kucha na asetoni, wanaobandika viatu kwa gundi, na yeyote mwenye mtungi wa gesi chumba kimoja na mzigo. Gesi ya kupikia na mvuke wa petroli ni mizito kuliko hewa, kwa hiyo vinashuka na kutambaa chini, kulekule ilikolala ekstensheni yako. Gesi ya kupikia ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha. Na swichi ya kawaida inatoa kacheche kila unapowasha au kuzima. Vifaa vya umeme vya sehemu hizi vinatengenezwa maalum ili cheche ya ndani isiwashe hewa ya nje. Vingi vina alama ya Ex.

2. VUMBI LINALOWAKA
Mashine za kusaga, na nyie mnaosaga na kufungasha unga wa lishe. Unga ukitimka hewani kwenye chumba kilichofungwa unaweza kulipuka. Ukitua juu ya mota, unakuwa kama blanketi: joto halitoki, mota inazidi kuchemka.

3. NYUZI
Pamba, katani, sufi. Hapa nipo mimi, na ndipo ulipo mkoa wetu. Nyuzi hazihitaji hata cheche, kitu cha moto tu kinatosha. Kanuni hizo zinasema uso wa kifaa usizidi nyuzijoto 165, na kwa mota au transfoma inayoweza kuzidiwa mzigo, isizidi 120. Taa ya zamani ya wati 100 inaweza kupita hapo. Pia moto wa pamba ni mjanja: unapita juu haraka, halafu unajificha ndani ya robota na kufuka siku kadhaa. Unaweza kudhani umeuzima, kumbe bado.

Chumba chako hakikaguliwi kama kiwanda, sawa. Lakini moto haujui kama wewe ni mjasiriamali mdogo.

FANYA HAYA WIKI HII

➡️ Piga hesabu ya ekstensheni. Ya ampea 13 kwa umeme wetu wa volti 230 ni wati 2,990, basi. Jagi la umeme la wati 2,000 na pasi ya 1,200 kwa pamoja ni 3,200, umeshapita. Na nyingi za bei chee zina waya mwembamba usiobeba hata hizo 13. Ekstensheni ikipata moto ukiishika, chomoa.

➡️ Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni, na usiipitishe chini ya magunia au mkeka.

➡️ Fyuzi ikikata, tafuta sababu. Usifunge kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Breka ikiruka kila siku, usiweke kubwa zaidi. Inakwambia kitu.

➡️ Soketi inayocheza au yenye weusi, badilisha. Waya uliolegea unachemka hata kama mzigo ni mdogo.

➡️ Mzigo ukae mbali na soketi, swichi na taa. Mimi nimeacha mita moja. Tumia taa za LED, hazichemki kama zile za zamani.

➡️ Safisha vumbi kila siku, ukiwa umezima na kuchomoa. Usilipulize, litaruka hewani. Fagia taratibu au futa.

➡️ Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na muulize swali lile: "Humu kuna pamba (au gundi, au unga), utafungaje?" Fundi asiyejali swali hilo, mshukuru, tafuta mwingine.

UKISIKIA HARUFU YA GESI USIKU
Usiwashe taa. Kama inawaka, usiizime. Usichomoe kitu, usipige simu ukiwa ndani. Funga mtungi kama unafikika, fungua mlango na madirisha, toa watu. Simu piga ukiwa nje, mbali. Zimamoto ni 114, bure.

Na moto ukiwa wa umeme, kata umeme kwanza. Usimwage maji kwenye waya wenye umeme.

Mimi imenigharimu 85,000: fundi kahamishia soketi juu mbali na pamba, kaweka waya wa milimita 2.5 ndani ya bomba, na boksi la swichi lenye kifuniko. Hiyo ni faida ya mito kadhaa tu. Dada sasa analala chumba cha mbele, na hilo halikugharimu hata mia. Lilitakiwa kuwa la kwanza.

Usiku wa leo kabla hujalala, weka mkono kwenye plagi zako zote. Ya moto ni ipi, na kando yake umeweka nini? Niandikie hapo chini. Na mtumie mwenzako anayelala na mzigo.