Kitendawili Kwenye Skrini: Jinsi ya Kupima Filamu Fupi ya Fumbo ya Wanafunzi na Matangazo Yake

Anayetega kitendawili huwa ameweka ahadi. "Nyumba yangu haina mlango," anasema, nawe unapekua kichwa mpaka unashindwa. Unampa mji, naye anajibu: yai. Papo hapo unatamka "Kumbe!" kwa sababu jibu lilikuwamo ndani ya maneno uliyoyasikia. Filamu fupi ya fumbo inafuata sheria hiyohiyo. Mwalimu, mlezi wa klabu au jaji anayepewa kuitathmini aanze na swali moja: mwishoni watazamaji walisema "Kumbe!" au walisema "Ati nini?"

Wanafunzi wengi hutoka kwenye onyesho la kwanza la filamu yao wakiwa na maneno mawili tu: "mmejitahidi" na "picha haikuwa wazi". La kwanza haliwafundishi kitu. La pili mara nyingi si kosa kubwa kuliko yote. Kijana aliyekesha akihariri filamu kwa simu anastahili hoja anazoweza kuzifanyia kazi kesho yake.

Tutumie mfano wa kubuni. Filamu inaitwa *Nipo*, ni ya dakika nane. Kila usiku kiranja anaita majina bwenini gizani, na kila jina linaitikiwa. Usiku mmoja anawasha tochi ghafla: Zawadi ameitika "Nipo", lakini kitanda chake ni kitupu na chandarua hakijaguswa kwa siku kadhaa. Mwishoni tunagundua kwamba anayeitika ni Rehema, rafiki yake, aliyeahidi kumfichia siri kwa usiku mmoja. Zawadi hakurudi, na Rehema akaogopa kusema.

Itazame mara tatu

Kabla ya kuitazama, waombe watengenezaji waandike sentensi moja: filamu inauliza nini, na mtazamaji atoke akihisi nini. Utaipima kwa lengo lao, si kwa filamu ambayo wewe ungependa kuitengeneza.

Mara ya kwanza weka kalamu chini. Kaa pembeni na watu watano au kumi wasioijua hadithi, mahali unapoziona nyuso zao. Nani alinyoosha shingo? Mtu alitoa simu dakika ya ngapi? Nani alimnong'oneza jirani, "Ni yule"? Akili ya mtazamaji ikishaanza kukisia, filamu imemshika.

Mara ya pili chukua daftari, uchore safu tatu: dakika, mtazamaji anajua nini, mhusika anajua nini. Simamisha filamu kila linapoingia jambo jipya na uliandike. Ukikuta dakika mbili nzima ambazo hakuna chochote kipya cha kuandika, hapo filamu imelala, hata kama muziki unapiga kwa nguvu.

Mara ya tatu funika skrini usikilize tu. Utashangaa ni maneno mangapi muhimu yaliyomezwa na upepo, feni au mwangwi wa darasa lisilo na dari.

Tofautisha mshtuko na taharuki

Mwaka 1962 Alfred Hitchcock alimweleza mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, tofauti hii kwa mfano wa bomu. Watu wanazungumza mezani, bomu linalipuka ghafla: watazamaji wameshtuka kwa sekunde 15. Lakini wakionyeshwa kwanza kwamba bomu liko chini ya meza, na saa wanaiona, mazungumzo yaleyale ya kawaida yatawapa taharuki ya dakika 15.

Daftari lako la safu tatu litakuonyesha wanafunzi wamechagua njia ipi. Katika *Nipo*, mtazamaji na kiranja wanajua sawasawa mpaka dakika ya sita. Hilo ni fumbo. Waongozaji wangetuonyesha mapema midomo ya Rehema ikitamka "Nipo" gizani, swali lingegeuka kutoka "ni nani?" hadi "atagunduliwa lini?", na hiyo ingekuwa taharuki. Njia zote mbili ni halali. Kasoro ni kutangatanga kati yake bila kujua, au kutegemea mlango unaobamizwa na kelele ya ghafla kila dakika mpaka mtazamaji azizoee.

Dai haki ya mtazamaji

Wasomaji wa Kiswahili wana mwalimu mzuri katika jambo hili. Mohamed Said Abdulla alitoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, akamleta Bwana Msa, mpelelezi anayetembea na rafiki yake Najum. Raha ya kumsoma Msa ni kuona akiunganisha vitu ambavyo wengine walivipita wakiviona vya kawaida.

Kwa hiyo sahihisha vidokezo hivi: kila kidokezo muhimu kionekane mara mbili, kwanza kama kitu cha kila siku, kisha kama ushahidi. Katika *Nipo*, sehemu ya kwanza inamwonyesha Rehema akitoa mswaki kwenye kikombe, na ndani ya kikombe umebaki mswaki wa pili. Hakuna anayeujali. Baadaye, mswaki huo ukiwa bado palepale, mkavu, tunaelewa kwamba Rehema amekuwa akitunza vitu vya mtu asiyekuwepo. Anapoitika jina lake mwenyewe hukohoa kwanza, ili sauti zake mbili zisifanane. Hivyo ndivyo jibu linavyokaa ndani ya kitendawili.

Upande wa pili ni udanganyifu. Mhalifu anayeingia mara ya kwanza dakika ya saba, barua inayosomwa mwishoni kueleza kila kitu, au "kumbe ilikuwa ndoto": hayo yote ni kula mji wa msikilizaji bila kumpa jibu. Yapunguzie alama bila kusita. Kidokezo cha kupotosha kinaruhusiwa, mradi nacho kiwe na maelezo yake. Kama matroni ameonyeshwa akifungua geti usiku, tujue mwishowe alikuwa akienda wapi.

Pima ufundi kwa kazi unayofanya

Usiilinganishe simu ya mwanafunzi na kamera ya studio. Uliza kama ufundi unalihudumia fumbo. Sauti itangulie: neno linalobeba kidokezo lazima lisikike. Ushauri unaotekelezeka ni kuficha simu ya pili karibu na mwigizaji irekodi sauti, na kupiga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kila shoti ili sauti na picha zilinganishwe wakati wa kuhariri.

Giza nalo hutengenezwa kwa mwanga. Ukizima taa zote na kupiga picha kwa simu, utapata weusi wenye chengachenga. Tochi moja iliyofunikwa kitambaa chepesi, ikimulika kutoka upande mmoja, itatoa nusu ya uso na kuficha nusu nyingine.

Kuhusu ukubwa wa hadithi, wakumbushe *Doodlebug*, filamu fupi ya Christopher Nolan. Ina dakika tatu hivi, chumba kimoja, mwigizaji mmoja mwenye kiatu mkononi akiwinda kitu sakafuni. Filamu fupi hulemewa na hadithi ya kurasa mia. Swali moja linaitosha.

Matangazo: je, watu waliitika "Tega"?

Mtegaji huanza kwa kusema "Kitendawili!" na hadhira humjibu "Tega!" Bango, kionjo na ujumbe wa WhatsApp ndiyo hiyo sauti ya kwanza. Kazi yake ni kuamsha hamu, na jibu halitakiwi humo. Yapime hivi:

1. Jaribio la watu watano. Waonyeshe bango watu ambao hawajaiona filamu. Waulize inahusu nini na wanamshuku nani. Watatu wakimtaja Rehema, bango limevujisha siri. Bango la *Nipo* lenye kitanda kitupu na chandarua linatega. Lenye uso wa Rehema akitazama pembeni limetegua.
2. Lisomeke kwenye simu. Lipunguze lilingane na kidole gumba. Jina, tarehe, mahali na muda wa filamu bado vinasomeka?
3. Kionjo kiwe kifupi. Filamu ya dakika nane inatoshwa na sekunde 30. Kisiwe na chochote kutoka dakika mbili za mwisho.
4. Ahadi ilingane na mali. Bango la damu na kisu likitangaza hadithi ya rafiki mwenye woga, watazamaji watakasirika hata kama filamu ni nzuri.
5. Haki za wengine. Wimbo maarufu usiotolewa ruhusa unaweza kutambuliwa na mfumo wa YouTube na video ikazuiwa. Nyuso za watoto zinahitaji idhini ya wazazi. Kabla ya kuonyesha hadharani, fuateni taratibu za bodi ya filamu ya nchi yenu.

Kuna hatari moja ninayoisisitiza. *The Blair Witch Project* ya 1999 ilitangazwa kwa tovuti na vipeperushi vya "watu waliopotea", ikaingiza karibu dola milioni 250 duniani. Lakini watu waliamini, na mama wa mwigizaji mmoja akatumiwa rambirambi za mtoto aliye hai. Tangazo la "Zawadi hajulikani alipo" likiingia kwenye makundi ya wazazi, litafika kwa shangazi na kituo cha polisi kabla ya jioni. Neno FILAMU liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila picha, kwa sababu picha husafiri bila maelezo yake.

Toa alama, kisha zungumza

Mgawanyo ninaoupendekeza kwa alama 100 ni huu: fumbo na haki ya vidokezo 30, wahusika na hadithi 20, sauti 15, picha na uhariri 15, matangazo 20. Fumbo limepewa nyingi kwa kuwa ndilo lililowavuta watazamaji waketi.

Unapokutana na vijana, eleza ulichopitia kabla ya hukumu: "Dakika ya nne nilimshuku matroni, mlitaka hivyo?" Swali hilo linawafungua, kwa sababu wao hawawezi tena kuitazama filamu yao kama wageni. Kisha chagua marekebisho mawili yanayowezekana wiki hii: kurekodi upya sentensi moja, kukata shoti inayofichua, kubadili bango. Wakianza na hayo watarudi na toleo bora.

Mwisho, itazame tena ukiwa unajua jibu. Filamu nzuri ya fumbo huwa hadithi nyingine mara ya pili: uliyemwona kama shahidi wa pembeni unamwona sasa akibeba siri peke yake. Na ukishauona ule mswaki wa pili katika sehemu ya kwanza, mtafute kijana aliyeuweka, umwambie kwamba umeuona.