Jiko la Kupikia Asali ya Tembo: Somo Kutoka Ufipa



Kila mmoja wetu ajua ya kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno haba wengi wetu huitazama minazi, na wako wanaopika asali ya tembo. Kazi hii ina maadui wawili: kuni na wakati. Tembo likigemwa ni tamu na halali. Likicheleweshwa saa chache huchacha likawa kileo, na hapo halitufai tena. Mwenye jiko zito hushindana na uchachu, na mara nyingi hushindwa. Basi somo letu la leo ni jiko.

Kwanza tuelewe kazi ya moto. Kupasha lita moja ya maji mpaka ichemke ni kazi ndogo. Kuigeuza lita hiyo yote kuwa mvuke kwataka joto kama mara 7 ya lile la kwanza. Kupika asali, basi, ni kufukuza maji. Juu ya mafiga matatu mwali hutoka pembeni, joto huchukuliwa na upepo, na mpishi huachiwa moshi machoni.

Jawabu twalipata mbali na bahari, katika nyanda za juu za Ufipa, Mkoa wa Rukwa, upande wa Sumbawanga. Wafipa wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuu la udongo liitwalo ilungu, kimo chake mita 3 hivi. Tanuu hilo halikuvukutwa. Chini lilikuwa na matundu yenye mirija ya udongo. Hewa ya moto, kwa kuwa ni nyepesi, ilipanda juu, na hewa baridi ikavutwa kuingia chini. Mivukuto ilitumika baadaye, katika kitanuu kidogo kiitwacho kintengwe, cha kusafishia chuma. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, lakini funzo lake limebaki: kimo ndicho kivutacho hewa.

Sisi hatuyeyushi chuma, lakini hewa ni ile ile. Fanyeni hivi:

1. Acheni chungu kirefu, tumieni karai pana. Maji hutoka kwa juu, na upana ndio mlango wake. Huko Kanada, wapikao utomvu wa mti uitwao mepo hupunguza lita 40 hivi ili wapate lita 1 ya asali, nao hutumia vyombo vipana visivyo na kina.

2. Jengeni ukuta wa mawe na udongo kuzunguka moto, karai likae juu bila mwanya. Mbele acheni mlango mdogo wa kuni. Nyuma jengeni dohani yenye kimo cha mtu au zaidi. Iwe mbali na makuti.

3. Tundu la kuingilia dohani liwe karibu na kitako cha karai, mwali upite chini ya karai lote kabla ya kutoka. Dohani ikinguruma na mdomo wake ukiwa na mwali, joto lapotea: uzibeni nusu kwa kipande cha bati.

4. Pangeni kuni juu ya vipande vya nondo, hewa ipite chini, na majivu yaondolewe kila mara.

5. Kuni ziwe kavu, zimepasuliwa nyembamba. Kuni mbichi hula joto lake lenyewe kukausha maji yaliyomo.

6. Tembo jipya lipasheni katika sufuria ndogo kando ya dohani, ndipo mliongeze kidogo kidogo. Likitiwa baridi huzima mchemko.

7. Mwisho punguzeni moto. Asali nyepesi huwa tayari ichemkapo kwenye digrii 104 hivi, yaani 4 kupita maji. Asali ikibaki chini ya kina cha vidole viwili, msiondoke hata kidogo, huungua upesi.

Twaomba jambo moja. Kabla ya kujenga, hesabuni mizigo ya kuni na saa mnazotumia kwa karai moja. Baada ya kujenga, hesabuni tena. Leteni hesabu zote mbili mkutanoni, hata kama jiko limewashinda, ili mwenzenu asirudie kosa lile lile.

Wassalaam,
Katibu wenu