Tanuri ya Atomi Siku ya Tufani

Wenzangu wengi hudhani kwamba tanuri ya atomi ikizimwa kazi imekwisha, kama moto wa kuni uliomwagiwa maji. Sivyo. Chembe za urani zikipasuka huacha mabaki ambayo huendelea kutoa joto, wala hakuna swichi ya kuyazima. Mara tu baada ya kuzimwa, tanuri hubaki na karibu sehemu 6 katika 100 za joto lake. Baada ya siku nzima, kama nusu ya sehemu moja. Ni kidogo kwa kusema, lakini katika tanuri yenye joto la kilowati 2,000,000, nusu hiyo ni kilowati 10,000. Maji yasipozungushwa yatachemka mpaka yakauke. Pampu za kuyazungusha hutaka umeme. Basi nyumba ifanyayo umeme hulazimika kuomba umeme kutoka nje!

Siku ya tufani umeme huo wa nje ndio hupotea kwanza. Tarehe 24 Agosti 1992 tufani iliyoitwa Andrew ilikipiga kituo cha Turkey Point, katika jimbo la Florida, Marekani. Wakuu wake walikuwa wamepata habari mapema, wakazizima tanuri zote mbili kabla ya upepo kufika. Nyaya za nje zilikatika, na kwa zaidi ya siku tano kituo kilitegemea mashine zake za dizeli. Tangi la maji lilianguka likaharibu mabomba ya kuzimia moto, simu zikanyamaza, barabara ikazibwa. Tanuri hazikudhurika.

Kwa hiyo mpimaji wa hatari asiulize kasi ya upepo tu. Aulize pia: Nyaya zitakaa siku ngapi bila kutengenezwa? Mafuta yaliyopo yatatosha? Na lori la mafuta litapita wapi?

Hapa pana mtego wa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, nyaya hukatika mara 1 katika miaka 10, na dizeli hukataa kuwaka mara 1 katika 100. Mwanafunzi atazidisha haraka apate 1 katika 1,000, afurahi. Lakini kuzidisha huko ni halali ikiwa mambo hayo mawili hayahusiani. Tufani ile ile iliyokata nyaya ikileta maji mpaka chumba cha dizeli, jibu lake ni uongo.

Si maneno ya darasani tu. Usiku wa tarehe 27 Desemba 1999, huko Blayais, Ufaransa, dhoruba ilivuruga nyaya za umeme na papo hapo ikayasukuma maji ya mlango wa mto Gironde. Ukuta wa kinga ulikuwa umepimwa bila kuhesabu sawasawa mawimbi ya upepo juu ya maji yaliyojaa. Mawimbi yaliuruka, vyumba vya chini vikafurika, na baadhi ya pampu zikazama. Dizeli, kwa bahati njema, ziliwaka. Huko Fukushima, Japani, mwaka 2011, hazikupona: tetemeko lilikata nyaya, na chini ya saa moja baadaye bahari ikazizamisha dizeli, hata tanuri tatu zikayeyuka ndani.

Ukuta wa Blayais uliinuliwa baada ya dhoruba ile.