Asubuhi Dar, Mchana Dodoma, Usiku Nyumbani

Zamani ukimwambia jirani yako wa Dar, "Nakwenda Dodoma kutembea, jioni narudi," angekugusa paji la uso kuona kama una homa. Tangu reli ya SGR ifike makao makuu mwaka 2024, jibu limekuwa, "Niletee zabibu." Mimi nimeshawaletea watu zabibu mara kadhaa, na makosa nimefanya ya kutosha kukupa vidokezo hivi.

1. Anza na tiketi ya kurudi. Ya kwenda huwa inapatikana. Ya kurudi ndiyo inayosumbua, hasa Ijumaa jioni. Watumishi wa Serikali walihamia Dodoma, familia nyingi zikabaki Dar, kwa hiyo wikiendi ikiingia kila mtu anawahi kwa watoto. Jumapili jioni mkondo unageuka. Mtembezi achague Jumamosi, aende alfajiri na kurudi usiku, au siku ya katikati ya juma. Tiketi unakata mtandaoni, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Jina liwe lile lile lililo kwenye kitambulisho chako, si "Mama Jose".

2. Sahau mazoea ya basi. Basi la mkoani utalikimbilia, konda atagonga bodi, dereva atapunguza mwendo. Treni hili halina konda wa kugonga bodi. Kuna ukaguzi wa tiketi, kuna mashine ya mizigo, kuna ngazi, halafu kuna kutafuta behewa lako. Siku moja nilimwona baba mmoja kamshika mwanawe mkono, tiketi inawaka kwenye simu, wote wawili wanalitazama treni lililokuwa bado limesimama. Mlango wa kupandia ulikuwa umeshafungwa. Mtoto akauliza, "Si hilo hapo?" Fika saa nzima kabla.

3. Mchongoko au la kawaida? Mchongoko ndilo lile lenye pua iliyochongoka, na watoto watakudai hilo. Yote mawili yanatumia umeme na reli inaruhusu mwendo hadi kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo usigombane na familia. Tazama saa ya kufika na bei, basi.

4. Kaa dirishani, mkono wa kushoto wa uelekeo wa treni. Ukikaribia Morogoro, milima ya Uluguru iko upande huo, na asubuhi huwa imejifunga wingu kiunoni kama khanga. Baada ya Morogoro wengi hulala, na hapo ndipo wanapokosa uhondo. Kuanzia Kilosa treni linapenya mahandaki: giza, masikio yanaziba kidogo, halafu mwanga na mabonde. Ukitoka huko nchi imebadilika. Kijani kimepungua, mibuyu imeanza, udongo umekuwa mwekundu. Umeingia Ugogo.

5. Stesheni si mjini. Ya Dodoma iko Mkonze, nje kidogo ya jiji. Bajaji na bodaboda wanakusubiri nje wakijua kabisa kwamba wewe ni mgeni. Patana bei kabla ya kukaa. Mkiwa wanne au watano, kodini gari dogo la siku nzima mgawane gharama; Dodoma imetawanyika, na jua lake la mchana halina utani.

6. Chagua mambo matatu, la nne liwe bahati. Ukitoa muda wa kwenda na kurudi stesheni, unabaki na saa sita au saba hivi. Mimi huanzia Nyerere Square, katikati ya mji, kwa sababu ya sanamu ya Mwalimu Nyerere na kwa sababu ya viti. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, Mwalimu akiwa madarakani, na Serikali ikaja kuhama kweli kweli baada ya 2016. Mzee amesubiri. Kisha nenda ukaone Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya. Vaa kwa stara, omba ruhusa, na usiende wakati wa swala kupiga picha. Alasiri panda Chimwaga, ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Ukumbi huo ulikuwepo kabla ya chuo kuanzishwa mwaka 2007, na ndimo CCM ilimomteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995. Wapenzi wa siasa husimama pale mlangoni wakisimuliana utadhani walipiga kura wao.

Mji wa Serikali wa Mtumba? Kama huna faili wizarani, utaona mageti.

7. Bunge linataka maandalizi. Kaangalie kwanza kama lina kikao. Kile kirefu cha bajeti huanza Aprili na kuishia mwisho wa Juni. Omba nafasi mapema, njia nyepesi ikiwa ofisi ya mbunge wako. Ila maswali na majibu huanza saa tatu asubuhi, na treni la alfajiri halitakuwahisha. Kwa hilo lala Dodoma.

8. Kula cha wenyeji. Chipsi mayai umeacha Dar. Ulizia ugali wa uwele au mtama na mlenda, ikiwezekana kwa mama lishe wa Kigogo. Mlenda huo unateleza wenyewe, kijiko hakina kazi. Ukimsifia mama mboga yake, muulize na maana ya jina la mji. Atakwambia habari za tembo aliyezama kwenye tope la kijito, watu wakasema "idodomya", yaani amedidimia. Kila mama ana tembo wake wa ukubwa tofauti.

9. Kondoa iache. Michoro yake ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni ya kwenda kuiona, lakini iko mbali kaskazini na inataka siku yake.

10. Zabibu ziwe za mwisho. Mara ya kwanza nilinunua kilo mbili soko la Majengo saa tano asubuhi, nikazunguka nazo mji mzima kwenye begi la mgongoni. Jioni nilikuwa na juisi, shati la zambarau na nyuki wawili. Sasa nanunua njiani kurudi stesheni, nachukua vichala vyenye vikonyo vya kijani bado, naviweka kwenye kikapu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ukikuta bei juu na punje chache, umekuja kati ya misimu; chukua mvinyo, au mlenda mkavu, ambao hata ukikaliwa na mtu haudhuriki.

11. Beba sweta. Juni na Julai upepo wa Dodoma unakata jioni, na ndani ya treni kiyoyozi kinamalizia kazi. Kurudi ni giza tupu dirishani, uko huru kulala. Kikapu weka mapajani.