Fani za Chuo kwa Mwanafunzi Asiyeweza Kukaa Kitako

Kila mwaka, wakati wa kuchagua masomo ya vyuo unapowadia, hunijia vijana ambao tatizo lao halimo katika alama. Akili wanazo, ila miili yao haitulii kitini. Wamezoea kulima, kupanda vilima na kucheza mpira mpaka jua litue. Aghalabu hudhani kwamba usomi ni kiti na meza tu. Basi wengine huikatia tamaa elimu ya juu, na wengine huchagua fani kwa ajili ya ukubwa wa jina lake, kisha wakajuta katika mwaka wa pili. Dhana hiyo si sahihi. Ziko sayansi ambazo maabara yake ya kwanza ni nchi yenyewe, na ili kuzionyesha yatosha kutazama Newala, iliyo juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iliyo magharibi yake.

Tuanze na maji. Udongo wa kichanga wa uwanda huo huyanywa upesi maji ya mvua, hata mito ya kudumu huko juu ni haba. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kuteka maji, wakapanda nayo kichwani. Hebu tuikadirie kazi hiyo. Tuchukulie kwamba kimo cha kupanda ni mita 300, maji ni lita 20, na mchukuzi ana kilo 60. Uzito wa ndoo tupu tuuache. Kuyainua maji peke yake ni 20 × 9.8 × 300, yaani jouli 58,800. Lakini mama huyo hujiinua mwenyewe pia: 60 × 9.8 × 300, yaani jouli 176,400. Kwa hiyo robo tatu ya kazi yote hutumika kuupandisha mwili, na robo moja tu ndiyo inayoyapandisha maji. Pampu haijipandishi, hapo ndipo ilipo faida ya mradi wa maji wa Makonde, unaoyasukuma maji ya visima vya Mitema mpaka juu ya uwanda.

Lakini kabla ya pampu sharti pawepo mtu wa kutafuta mahali pa kuchimba. Huyo ni mtaalamu wa maji ya ardhini. Hutembea bondeni, huchunguza miamba, hupima kina cha maji visimani. Baada yake huja mpima ardhi na mhandisi kuifuata njia ya bomba kwa miguu. (Wazazi husema kazi za namna hii haziwafai wasichana. Nawauliza: ni nani aliyekuwa akipanda mlima ule na ndoo kichwani?)

Mfano wa pili ni korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei duni, na ugonjwa wa ubwiriunga. Huu huletwa na kuvu ambaye hushambulia machipukizi na maua wakati wa kipupwe, na ua lililoshikwa halizai. Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, hawawezi kuujua ugonjwa huu kwa kukaa ofisini. Hupita mti kwa mti wakihesabu vishada vya maua vilivyougua, kisha hulinganisha miti iliyopuliziwa dawa na isiyopuliziwa.

Jiolojia nayo ina watembezi wake: kutoka mchanga wa Newala hadi vilima vya mawe vya Masasi, mwanafunzi huivuka mipaka ya miamba ya zama mbalimbali katika safari ya siku moja. Kuna pia uhifadhi wa wanyamapori, unaofundishwa Mweka tangu 1963, na elimu ya michezo katika chuo cha Malya.

Hata hivyo, nisimdanganye mtu. Nilipokuwa ng'ambo nikitafuta shahada ya udaktari, nilikaa miezi minne porini na karibu miaka miwili mezani, nikichambua niliyoyaokota katika miezi ile minne. Kwa hiyo mwanafunzi asiulize tu kama fani fulani hutoka nje. Aulize hutoka majuma mangapi kwa mwaka, na kama ataivumilia hesabu inayofuata. Nimeona vijana wepesi wa miguu waliolikimbia somo la hisabati katika kidato cha tatu, wakakuta baadaye kwamba mlango wa uhandisi wa maji umefungwa.

Mwalimu wa Masasi au Newala anaweza kulijaribu jambo hili mwezi wa Julai bila gharama. Awapeleke wanafunzi kwenye mikorosho kumi iliyo karibu na shule. Katika kila mti wachunguze vishada ishirini na kuhesabu vyenye unga mweupe. Kisha aangalie ni nani anayeomba kwenda mti wa kumi na moja, na ni nani, jioni, anayekubali kukaa kuchora grafu yake.