Ugonjwa wa Mbuni Haujui Mpaka wa Kihamba

Mtu apandaye kutoka mjini Moshi kwenda Kibosho, Machame, Kilema au Marangu hupita katikati ya vihamba vilivyoshikamana. Juu husimama miringaringa na migrivea, chini yake migomba, na chini ya migomba mibuni. Baina ya kihamba na kihamba mara nyingi hakuna ukuta. Pana safu ya masale tu. Wachaga huheshimu masale. Jani lake huchukuliwa na mtu aendaye kuomba msamaha, na mmea wake huonyesha mahali ambapo haki ya mtu inakoma na haki ya jirani yake inaanza.

Lakini liko jambo moja lisiloyaheshimu masale, nalo ni ugonjwa wa miti. Tone la mvua likiangukia buni iliyooza huruka pamoja na chembe za kuvu na kutua juu ya buni nzima. Mkono wa mchumaji huzihamisha chembe hizo kutoka mti hata mti. Mche uliobebwa kwa nia njema, kuwa zawadi kwa shemeji aliye mbali, waweza kuubeba ugonjwa kutoka wilaya hata wilaya.

Kwa hiyo leo twataka kulitazama swali ambalo wazee wengi wa mlimani wamejiuliza: Serikali ina neno gani juu ya mti uliopandwa na babu yangu katika ardhi ya ukoo wangu? Swali hili si la upuuzi, wala jibu lake si jepesi. Twaona kwamba Serikali inalo neno, tena neno la haki. Lakini haki hiyo ina masharti yake, na historia ya mlima huu imeyaonyesha masharti hayo waziwazi.

HOFU ILIYOTUMIWA VIBAYA

Wengi wa wasomaji wetu wanajua kwamba kahawa ililetwa Kilimanjaro na Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliopanda mibuni katika misioni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Kutoka huko mbegu zilienea, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wachaga wengi walianza kupanda mibuni yao wenyewe chini ya migomba.

Walowezi wa Kizungu wenye mashamba makubwa hawakupendezwa na jambo hilo. Walidai kwamba mibuni ya wenyeji haitatunzwa, kwamba itakuwa maficho ya wadudu na magonjwa, na kwamba mashamba yao yataambukizwa. Wakaitaka Serikali ya kikoloni iwazuie Waafrika wasilime kahawa. Katika nchi jirani ya Kenya hoja za namna hiyo zilishinda kwa muda mrefu: Waafrika hawakuruhusiwa kulima kahawa ya arabika mpaka miaka ya 1930, tena mwanzoni katika sehemu chache tu.

Wachaga hawakujibu kwa maneno matupu. Mwaka 1925, kwa kutiwa moyo na Charles Dundas aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Moshi, waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Chama hicho hakikuwa cha kuuza kahawa peke yake. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kupata mabomba na dawa za kupambana na wadudu wa mibuni, na kuwafundisha wanachama namna ya kuitunza miti yao. Mwaka 1933 mahali pa KNPA pakashikwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake lajulikana mpaka leo.

Tazameni basi fundisho la kwanza. Hofu ya ugonjwa ilikuwa ya kweli, kwa maana wadudu hawabagui mti wa Mzungu na mti wa Mchaga. Lakini hofu ya kweli ilitumiwa kama fimbo ya kumnyima mtu riziki yake. Dawa ya hofu hiyo haikuwa kumkataza maskini asipande. Ilikuwa kumpa maarifa na vifaa ili mti wake uwe na afya kama mti wa tajiri. Sheria ya kulinda miti isipompa mtu njia ya kuitii, hiyo si sheria ya kulinda miti. Ni sheria ya kulinda watu fulani dhidi ya wengine.

MWAKA WA CHULEBUNI

Katika mwaka 1922 ugonjwa mpya wa buni uligunduliwa magharibi mwa Kenya. Sisi twauita chulebuni. Kuvu wake hushambulia buni zingali changa na za kijani: doa jeusi lililobonyea hutokea, likapanuka, na buni huanguka au hukauka ingali juu ya tawi. Hupenda baridi na unyevu, kwa hiyo husumbua zaidi vihamba vya juu, ndiko kunakotoka kahawa nzuri kuliko zote. Mwaka wa mvua nyingi, mkulima asiyechukua hatua aweza kupoteza zaidi ya nusu ya zao lake.

Ugonjwa huo ulichukua zaidi ya miaka 40 kufika kwetu. Mwaka 1964 ukaonekana katika nchi yetu, na mambo ya mlimani yakabadilika. Tangu hapo kulima kahawa pasipo kunyunyizia dawa kukawa kama kucheza bahati nasibu. Dawa yenyewe, ile ya shaba ambayo watu huiita mrututu, haimponyi buni aliyekwisha kuugua. Humkinga aliye mzima. Ndiyo maana yapasa inyunyizwe kabla ya ugonjwa kushika, tena mara nyingi katika msimu mmoja.

Hapo ndipo tunapoliona pengo kati ya mtu mmoja na jumuiya. Mkulima aweza kununua dawa, akaamka alfajiri, akanyunyiza kila mti, na baada ya wiki chache mvua ikamletea ugonjwa kutoka katika kihamba cha jirani asiyenyunyiza kitu. Basi jirani huyo ni mwovu? Pengine ni mjane asiye na bomba. Pengine ni mzee ambaye watoto wake wote wako Dar es Salaam. Kumhukumu si kazi yetu. Lakini kumwacha alivyo ni kuwaacha wote.

Kwa miaka mingi Serikali na vyama vya ushirika vilisaidia jambo hili. Dawa ziliuzwa kwa bei iliyopunguzwa, au zilitolewa kwa mkopo na fedha zikakatwa mkulima alipoleta kahawa yake chamani. Mpango huo ulikuwa na kasoro, wala hatutaki kuzificha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na KNCU haikurudi mpaka mwaka 1984. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ruzuku ya pembejeo iliondolewa, na katikati ya miaka hiyo wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa vijijini. Faida ilikuwapo, kwani mkulima alipata mnunuzi zaidi ya mmoja na fedha mkononi. Lakini chama hakikuweza tena kukopesha dawa kwa matumaini ya kulipwa, maana kahawa yenyewe ingeweza kuuzwa kwingine. Bei ya dawa ikapanda, mabomba yakapata kutu stoo, na watu wengi wakaacha kunyunyiza. Wengine waling'oa mibuni wakapanda mahindi na mboga, au majani ya ng'ombe.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Twasema ili ieleweke kwamba uamuzi unaofanywa ofisini juu ya bei na mikopo ni uamuzi juu ya magonjwa pia. Karani aandikaye kanuni ya ununuzi wa kahawa, ajue au asijue, anaamua ni mibuni mingapi itakayonyunyizwa huko Uru na Rombo.

MTI MPYA WA LYAMUNGU

Ipo habari njema, nayo ilianzia pale pale mlimani. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kilianzishwa mwaka 1934, na tangu mwaka 2001 kazi yake inaendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI. Wataalamu waliifanya kazi isiyoonekana na macho ya watu wengi: kuichanganya mibuni yetu yenye ladha nzuri na mibuni ya mbali yenye nguvu ya kustahimili ugonjwa. Mmojawapo wa mibuni hiyo ya mbali ni chotara aliyepatikana katika kisiwa cha Timor, ambamo arabika na robusta zilijichanganya zenyewe. Kazi ya namna hii haiwezi kuharakishwa, kwa sababu kila kizazi cha mbuni chahitaji miaka kadhaa kabla ya kuonyesha tabia yake.

Mwaka 2005 aina mpya za arabika zilizinduliwa, zenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Kutu hiyo si jambo dogo: ilipoonekana Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1869, iliangusha kilimo chote cha kahawa cha kisiwa kile, na watu wakageukia chai. Mti unaojikinga wenyewe humwokoa mkulima na gharama ya dawa, na humlinda jirani pia bila yeye kujua.

Hata hivyo mti huo mpya una bei yake. Ili tabia ya mti mama isipotee, miche mingi huzalishwa kwa vipande vya shina badala ya mbegu, na kwa hiyo haipatikani upesi kwa kila atakaye. Tena aupandaye hungoja kama miaka 3 kabla ya kuchuma zao la maana. Mwambie mzee mwenye mibuni 200 aliyorithi kwa baba yake aing'oe, kisha mwulize atasomesha mtoto kwa fedha gani katika miaka hiyo. Hapa ndipo sera inapopimwa. Shauri jema ni kung'oa safu baada ya safu, mwaka kwa mwaka. Lakini shauri bila miche ya kutosha, na bila bwana shamba wa kulieleza, ni maneno tu.

MALANGO YA NCHI

Kama ugonjwa hauyajui masale, haujui mpaka wa nchi pia. Kidukari wa misaipresi alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Tanzania mwaka 1988, na mwaka 1990 alikuwa Kenya, akikausha miti katika misitu ya kupandwa. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta kutoka Ulaya nyigu mdogo ambaye hutaga mayai ndani ya kidukari huyo na kumwua, wakamwachilia katika nchi zilizosumbuliwa. Kazi kama hiyo haifanywi na kijiji, wala na nchi moja peke yake.

Kwa ajili hiyo taifa limeweka walinzi. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake makuu Arusha, ambayo imepewa kazi ya kukagua mimea iingiayo na itokayo, kufuatilia visumbufu, na kusimamia dawa zinazouzwa. Msafiri apitaye Holili au Tarakea na mche ndani ya kikapu aweza kuona ukaguzi kuwa usumbufu. Na akumbuke chulebuni.

WAJIBU WETU

Kutokana na hayo twapata maswali 3 ya kuipimia sera yoyote ya kulinda miti. Je, inamlinda mwenye mibuni 50 sawasawa na mwenye mibuni elfu 50? Je, inapomwamuru mtu kung'oa au kunyunyiza, inampa njia ya kufanya hivyo? Je, inasemwa mapema na kwa lugha ambayo watu wanaielewa, kabla ugonjwa haujafika?

Nasi raia tunao upande wetu. Baba na mama wa nyumba waokote buni zilizoanguka na kuziondoa zilizokauka juu ya matawi, wapogoe matawi ili hewa ipite, na wamwarifu bwana shamba waonapo dalili wasiyoijua, badala ya kuificha kwa aibu. Miche na inunuliwe katika vitalu vinavyojulikana. Na mwenye bomba asione vibaya kulivusha ng'ambo ya masale kwa jirani asiye nalo. Anakilinda kihamba chake mwenyewe.

Kwa vijana wetu walioko vyuoni tunalo neno moja. Wengi hutamani kazi yenye sifa, na kazi ya kuandika kanuni za afya ya mimea haina sifa nyingi. Ikifanikiwa, hakuna kitu kinachotokea: mibuni inabaki kijani, na hakuna ashukuruye kwa ugonjwa ambao hakuuona. Lakini yeyote atakayeishika kazi hiyo, kabla hajatia sahihi, na apande mlimani siku ya mvua, asimame penye masale kati ya kihamba cha mwenye nguvu na kihamba cha mjane, atazame matone yanavyoruka upande hata upande. Kisha arudi ofisini akaandike.